Tumesoma Shinikizo, Koki Kuu Hatuijui

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha somo la shinikizo la maji, nalo ni somo nilipendalo. Kopo la matundu matatu nimelichora ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu: tundu la juu likichuruzika kinyonge, la kati likisukuma maji kwa wastani, na la chini likiyarusha mbali. Wanafunzi wangu huunakili mchoro huo, huandika chini yake kwamba shinikizo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka, na mtihani ukifika huzoa alama zao bila ya taabu. Nami huridhika, nikijiambia kwamba elimu imefika ilikokusudiwa. Usiku mmoja wa mwezi wa Februari, katika kilele cha kiangazi, niligundua kwamba elimu hiyo ilikuwa haijafika hata jikoni mwangu.

Ninaishi katika nyumba ya walimu ya shule ya bweni, nyumba iliyojengwa kabla ya uhuru. Kuta zake ni za mawe ya kuchonga, paa ni la mabati yaliyokwisha kuwa mekundu, na paipu zake ni za chuma kilichopakwa zinki, zilizofichwa ukutani na chini ya sakafu na mafundi ambao bila shaka walikwisha kutangulia mbele ya haki. Nyuma ya nyumba limesimama tangi la lita 10,000 juu ya mnara wa chuma. Tangi hilo hutuhudumia sisi walimu pamoja na bweni moja la wanafunzi. Wakati wa kiangazi maji hutufikia kwa zamu, mara moja kwa wiki, na kwa hivyo kila lita iliyomo tangini ina mwenyewe.

Chini ya sinki langu palikuwa na kiungo kilichokuwa kikidondoka. Nilikiona. Niliweka karai, nikawa nalimwaga asubuhi na jioni, na kila nilipolimwaga nilijiambia kwamba nitamwita fundi mwisho wa mwezi. Wiki tatu zilipita hivyo. Usiku ninaousimulia, nililala saa nne. Saa tisa niliamshwa na mvumo wa maji, nikashusha mguu kitandani na kukanyaga maji yaliyofika kwenye kifundo. Kiungo kile kilikuwa kimekatika kabisa.

Nilifanya kila jambo lisilofaa. Niliibana paipu kwa taulo. Nilileta karai la pili. Nilizunguka nyumba na kurunzi mkononi nikitafuta mahali pa kuyafungia maji, nisijue kama nitazame juu au chini. Mlinzi wa usiku, mzee aliyeajiriwa mwezi uliotangulia, naye hakujua. Hatimaye mzee huyo alikwenda bwenini kuuliza, akarudi na mvulana mmoja wa kidato cha tatu, miguu mitupu, blanketi mabegani.

"Mwalimu, koki haiko huko," aliniambia kwa upole. "Iko nyuma ya mnara, chini ya zile nyasi."

Alifukua nyasi, akainua kipande cha bati, na hapo ndipo ilipokuwa koki kuu, imeganda kwa kutu. Nilitaka kuikaza kwa nguvu zangu zote. Kijana aliniomba nisiiguse, kwani ingekatika shingo na maji yasingefungika tena. Aliomba mafuta ya kupikia, akayamimina shingoni mwa koki, kisha akaizungusha kidogo huku na kidogo kule, bila ya haraka, mpaka ikalegea. Ndipo akaifunga.

Kulipopambazuka tangi lilikuwa tupu. Wavulana wa bweni lile walikaa siku mbili bila ya maji, wakawa wanateremka mtoni na ndoo alfajiri, na vipindi vya asubuhi vikawapita, kikiwemo changu. Maji yakimwagika hayazoleki, na vipindi navyo ni hivyo hivyo.

Hata hivyo, hilo silo lililonitia haya zaidi. Mvulana yule nilimjua vyema. Wiki mbili kabla ya usiku huo, nilipokuwa nikirudisha karatasi za mtihani wa fizikia, nilimwambia mbele ya wenzake kwamba akiendelea kupata alama kama zile ataishia kuziba paipu za watu. Darasa lilicheka. Yeye aliinamisha kichwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba baba yake ni fundi wa mifereji, kwamba mwanawe humsaidia kila likizo, na kwamba kazi hiyo niliyoifanyia mzaha ndiyo iliyokuwa ikimlipia karo.

Nayaeleza haya si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa kuwa naamini kwamba siko peke yangu. Walimu wengi tunaishi katika nyumba kuukuu, na wanafunzi wengi hulala katika mabweni makuukuu. Katika miji yetu nako, kuanzia mitaa ya kabla ya uhuru kama Kaloleni na Ziwani jijini Nairobi hadi Mji wa Kale wa Mombasa, maelfu ya watu hutegemea paipu ambazo hawajapata kuziona. Nasi tulio na elimu ya kuyaelewa mambo haya ndio wa kwanza kukimbilia karai.

Hebu tuanze na sababu. Chuma hupakwa zinki ili zinki iliwe kwanza badala ya chuma. Zinki ikimalizika, kutu huanza kukila chuma chenyewe kutoka ndani. Aghalabu paipu ya namna hiyo hudumu miongo minne au mitano hivi, kutegemea maji yapitayo ndani yake, na nyumba zilizojengwa katika miaka ya 1950 zimekwisha kuupita umri huo. Isitoshe, kutu huvimba na kuziba njia. Paipu ambayo kipenyo cha uwazi wake kimepungua kwa nusu haibakiwi na nusu ya nafasi yake. Hubakiwa na robo tu, kwa kuwa eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha kipenyo. Ndiyo sababu mfereji wa bafuni hutoa maji mfano wa uzi pindi mwingine anapofungua wa jikoni. Watu hulaumu wanaoleta maji, ilhali kizuizi kimo ukutani mwao.

Mahali dhaifu kuliko pote ni penye viungo. Pale chuma kimekatwa nyuzi ili kiingiane na kingine, na kwa hivyo unene wake umepungua. Kutu hupenda kuanzia hapo. Aidha, kuna kosa linalofanywa na watu wanaokarabati kwa haraka, la kuunganisha paipu ya shaba moja kwa moja na paipu ya chuma cha zinki. Maji hugeuka kuwa kiungo cha umeme kati ya metali hizo mbili, sawa na ile seli tunayoichora katika kemia, na ile iliyo dhaifu huliwa upesi. Mwanafunzi awezaye kuzipanga metali kwa utendanaji wake tayari analijua kosa hilo, ila hatujamwambia kwamba analijua.

Kisha kuna kile kishindo kinachosikika ukutani mfereji unapofungwa ghafla. Maji yaliyokuwa mbioni husimamishwa kwa mshtuko, na nguvu yake huishia katika viungo. Kiungo kipya hustahimili. Kiungo cha miaka sitini huhesabu siku zake. Mfereji na ufungwe polepole.

Nyumba haianguki bila ya kutoa ishara. Maji ya kwanza ya asubuhi yakiwa na rangi ya chai, kutu inafanya kazi. Rangi ya ukuta ikivimba na kubambuka mahali pamoja, kuna unyevu nyuma yake. Jaribio jepesi kuliko yote ni la mita: funga mifereji yote, soma mita, kaa saa moja bila ya kutumia maji, kisha usome tena. Nambari zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapotoroka. Katika choo cha kuvuta maji, tia rangi kidogo ya chakula katika lile tangi dogo la nyuma na usubiri robo saa bila ya kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini haushiki, na maji yanavuja usiku na mchana bila ya sauti.

Baada ya mkasa wangu, niliamua kulipima tone. Nilikinga glasi ya mililita 250 chini ya mfereji wa bafuni uliokuwa ukidondoka, nao ukaijaza kwa dakika 15. Hiyo ni lita 1 kwa saa, lita 24 kwa siku, na lita 720 kwa mwezi wa siku 30. Kwa lugha ya mtu abebaye maji kichwani, hiyo ni mitungi 36 ya lita 20. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, nasi tumeizoea methali hiyo katika habari za kuweka akiba tu. Kilichohitajika kuyazuia maji hayo kilikuwa kipande cha mpira kidogo kuliko sarafu, ile washa inayokaa ndani ya mfereji.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe wa mkasa. Kuna watakaosema kwamba hii ni kazi ya fundi, nami nakubaliana nao. Ukarabati wa kudumu ni wa fundi aliyefuzu, na paipu iliyooza haina dawa ila kubadilishwa. Lakini fundi huitwa, naye huchukua muda kufika. Robo saa ya kwanza ni ya yule aliyemo nyumbani, na hasara kubwa hutokea katika robo saa hiyo.

Jambo la kwanza ni kufunga koki kuu, ambayo kwa kawaida huwa karibu na mita au chini ya tangi. Hufungwa kwa kuzungushwa kuelekea upande wa mishale ya saa. Ikiwa imeganda, isilazimishwe. Itiwe mafuta na kuyumbishwa taratibu kama alivyofanya kijana yule. La pili ni umeme. Maji yakikaribia soketi au yakichuruzika penye taa, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, mradi mtu aweze kuifikia akiwa mkavu na amesimama pakavu. Kama hawezi, atoke nje na awatoe wengine. La tatu ni kufungua mfereji ulio chini kuliko yote ili maji yaliyobaki katika paipu yatoke hapo, wala si penye tundu.

Hapo ndipo mtu anapoweza kuliziba tundu. Tyubu kuukuu ya baiskeli hufaa sana. Hukatwa utepe mrefu, ukavutwa kwa nguvu na kuzungushwa juu ya paipu, kuanzia kabla ya tundu hadi kupita mbele yake, kisha ukakazwa kwa waya. Koki ifunguliwe kidogo kidogo huku ukiangalia. Lakini bandeji haiponyi donda. Kifundo hicho ni cha kungojea asubuhi, wala si cha kungojea mwisho wa mwaka. Na kama kiungo kimekatika kabisa kama changu, hakuna kifundo kitakachofaa. Koki ibaki imefungwa mpaka fundi afike.

Sinki likiziba, watu wengi hukimbilia dawa kali. Nawasihi wasifanye hivyo. Tindikali hula paipu kuukuu kabla ya kuyeyusha uchafu, na ikikutana na dawa ya kung'arisha nguo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu mapafuni. Weka ndoo chini ya ile paipu iliyopinda, ifungue kwa mkono au kwa spana, uondoe masazo, uirudishe. Na tusiondoe mpindo huo kwa kudhani ni ziada. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo mlango unaozuia hewa chafu ya maji taka isiingie jikoni.

Liko jambo jingine lenye uzito kuliko uharibifu wa sakafu. Mahali ambapo maji huja kwa zamu, paipu hubaki tupu kwa siku kadhaa. Shinikizo la ndani likishuka, paipu iliyotoboka haitoi maji, hunyonya. Hunyonya tope lililoizunguka, na kama karibu yake kuna mfereji wa maji taka uliopasuka, hunyonya hayo pia. Kipindupindu na homa ya matumbo zinaweza kuingia nyumbani kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo maji ya mwanzo baada ya zamu au baada ya ukarabati yaachwe yapite, na ya kunywa yachemshwe. Tundu tunalolipuuza si hasara ya bili peke yake.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ni haki tunayoidai kwa sauti, na ni vyema tuendelee kuidai. Lakini hebu tukumbuke safari ya maji hayo. Wakazi wa Nairobi hunywa maji yatokayo katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Wakazi wa Mombasa hupata sehemu ya maji yao kutoka chemchemi za Mzima, kupitia bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Maji husafiri mwendo wote huo, kisha hupotea hatua mbili kutoka kwenye kikombe.

Je, kosa ni la nani? Nyumba za walimu ni mali ya umma, na mali ya umma ina desturi ya kukosa mwenyewe. Mwalimu humngojea mwalimu mkuu, mwalimu mkuu huingojea bodi, bodi huzingojea fedha, na paipu haimngojei yeyote. Sitaki kuwaondolea wakubwa wajibu wao. Kubadilisha paipu za nyumba ya miaka sitini ni gharama isiyoweza kubebwa na mshahara wa mwalimu, na bajeti ya shule isiyotenga chochote kwa ukarabati ni bajeti inayopanga mafuriko. Lakini wiki zangu tatu za karai hazikuhitaji bodi. Zilinihitaji mimi.

Sehemu ya lawama iko pia katika namna tulivyoichukulia elimu ya mikono. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay, ulikusudiwa kumpa mtoto ujuzi wa kutenda pamoja na ule wa kusoma. Kulikuwa na useremala, uashi, kilimo na sayansi kimu. Karakana nyingi hazikukamilika, vifaa vilikuwa haba, na wazazi walichoka kuombwa mbao na misumari. Masomo hayo yakafifia moja baada ya jingine. Sasa tuna mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 baada ya kufanyiwa majaribio, nao umeyarudisha mafunzo ya awali ya ufundi. Naupongeza kwa hilo. Hata hivyo, hakuna mtaala utakaofaulu iwapo mwalimu ataendelea kuutaja ufundi kama adhabu ya wavivu. Mtoto huyasikia tunayoyasema zaidi ya tunayoyaandika ubaoni.

Ninayo mapendekezo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila shule na iwe na ramani ya paipu zake, ichorwe na wanafunzi wenyewe wakiongozwa na fundi wa shule, na ibandikwe mahali panapoonekana, kila koki ikiwa imetiwa alama. Pili, koki kuu zifungwe na kufunguliwa angalau mara mbili kwa mwaka ili zisigande. Tatu, mwalimu wa fizikia asiishie kwenye kopo la matundu matatu. Awatoe wanafunzi nje, wapime kimo cha tangi, wakokotoe shinikizo kwenye mfereji, kisha wakinge glasi na kuhesabu hasara ya tone. Nne, fundi wa shule aalikwe darasani hata mara moja kwa muhula, aketi pale tunapowaketisha wageni wa heshima, aulizwe maswali.

Hilo la nne nililianza kwa mwanafunzi wangu. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililomcheka, kwa kuwa tusi la hadharani halifutwi faraghani. Kisha nilimkabidhi koki kuukuu tuliyoiondoa, nikamwomba awaeleze wenzake inavyofanya kazi. Alizungumza kwa dakika ishirini. Aliwaonyesha kile kipande kinachoshuka na kuziba njia ya maji, akawaeleza kwa nini kilicho chini ya mnara husukumwa kwa nguvu kuliko kilicho juu yake. Hakulitaja neno shinikizo hata mara moja. Nilipolitaja mimi, wanafunzi kadhaa waliguna kama watu walioonyeshwa jambo waliloliona siku nyingi.

Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, kabla ya kulala leo itafute koki kuu ya nyumba au bweni lako. Ukiipata, ifunge na uifungue, kisha umwonyeshe mtu mwingine mmoja. Usipoipata, muulize fundi, nawe umwite kwa jina lake.